Bahari ndiyo iliyonisahihishia kimo

Ramani yangu ya kwanza ya mashapo ilionyesha mabonde ya tope yaliyonyooka kama yamepigwa rula. Nikaingiwa na wasiwasi, maana kwenye data yetu kilichonyooka namna hiyo kilikuwa kimoja tu: njia za helikopta.

Tulikuwa tunapima unene wa mchanga na tope kwenye maji mafupi yaliyojaa miamba, ambako meli ya utafiti haithubutu kuingia. Helikopta huburuta bomba refu mita 30 hivi juu ya maji. Ndani yake mna koili: moja inarusha uga wa sumaku unaobadilika-badilika, nyingine inasikiliza bahari inavyojibu. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, kama simensi 4 kwa mita. Mchanga ulioloa maji hayo, karibu 1. Mwamba mgumu, kidogo mno. Kwa masafa ya hezi 100, wimbi la sumaku hushuka mita 25 hivi ndani ya maji hayo ya chumvi ndipo libaki theluthi ya nguvu yake. Kwa kilohezi 100 halifiki hata mita moja.

Chumvi haikunisumbua, kwa kuwa tulikwisha kuzamisha kipimo cha upitishaji umeme majini. Ile michirizi ya mabonde yaliyonyooka ndiyo iliyoninyima usingizi. Siku tatu nzima niliilaumu programu inayogeuza ishara kuwa tabaka za maji, tope na mwamba, nikaongeza tabaka, nikapunguza, wapi!

Rubani ndiye aliyenifumbua macho, tena kwa maneno ya kupita tu: "Fundi, tukienda na upepo usoni, hilo bomba lenu linainama kweli."

Leza ya kupimia kimo cha bomba juu ya maji ilikuwa imefungwa kwenye bomba lenyewe. Bomba likiinama nyuzi 15, mwale unakwenda mshazari. Kimo cha mita 30 kinasomeka 31. Kompyuta inaamini tuko juu zaidi, inashangaa mbona ishara ina nguvu hivi, basi inajazia tope chini ili hesabu ikae sawa. Mita moja ya hewa imegeuka bonde!

Nikaachana na leza. Masafa ya juu kabisa huona maji ya juu tu, na upitishaji wa maji hayo nilikuwa nao mkononi. Kisichojulikana kilibaki kimo, nikakikokotoa upya nukta kwa nukta. Hila hii inataka sifuri ya mtambo, yaani kile unachosoma pasipo ishara yoyote ya bahari, iwe safi, la sivyo unahamisha kosa kutoka mfuko huu kwenda ule. Bahati nzuri, kila nusu saa tulikuwa tukipanda zaidi ya mita 300, ambako sauti ya bahari karibu inapotea, tukaisoma sifuri upya. (Rubani hakuzipenda safari hizo, zinakula mafuta.)

Michirizi ikatoweka, isipokuwa bonde moja lililokata njia zetu kimshazari. Tulilifuata kwa mtumbwi, tukachomeka fimbo ya chuma ya mita nne chini ya maji. Ikazama yote kwenye tope, na mkono wangu juu.