Faili moja, kompyuta tatu

Mwezi wa tisa Lubumbashi ni mwezi wa simenti. Kila mwenye kiwanja anakimbiza ukuta wake kabla mvua haijaanza, na lile depo la vifaa vya ujenzi kule Kampemba nililokuwa nalitengenezea programu ya mauzo lilikuwa halipumui. Malori yalipanga foleni tangu alfajiri. Mwenye depo, ambaye kila mtu alimwita Mama Patroni, bado alikuwa anaandika madeni kwenye daftari nene la jalada jeusi, na alinitaka nimtoe kwenye daftari hilo kabla msimu haujaisha.

Nilifanya kazi na kijana aliyetoka masomoni karibuni, ananiita Yaya, yaani mkubwa wake, pamoja na modeli ya akili mnemba tuliyoanza nayo mradi. Sitaki kuidharau, ilitusaidia sana. Ilituandikia fomu za ankara, ripoti za jioni, hata namna ya kuchapa risiti kwenye printa ndogo. Kwa mambo ya aina hiyo sikutafuta maoni ya pili. Kitufe kikikaa vibaya, unakisogeza kesho. Neno kwenye skrini likimchanganya karani, unalibadilisha chai ikiwa jikoni.

Mahali pa kuhifadhi data ni habari nyingine. Ukishaingiza madeni ya wateja wa msimu mzima, kuhama ni kazi ya usiku kucha, na usiku huohuo delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, inaweza kukukuta katikati.

Tulikuwa tumechagua SQLite, ambayo huweka hifadhidata nzima ndani ya faili moja. Kwa depo lenye kompyuta moja lilikuwa chaguo zuri: hakuna seva ya kulea, umeme ukikatika inajua kurudi mahali salama, na jioni ukishafunga programu unanakili faili kwenye flashi, umemaliza. Kisha Mama Patroni akataka kompyuta tatu: moja ya wanaolipa faranga, moja ya wanaolipa dola, moja ya mlinzi wa ghala anayehesabu mifuko ikipakiwa. Tukaiuliza modeli yetu. Ikajibu papo hapo: wekeni faili kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ofisi, washeni hali ya WAL, inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ili wanaosoma na anayeandika wasigombane.

Jibu lilinipa wasiwasi kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Kutoka kompyuta moja kwenda tatu, na hakuna kilichobadilika isipokuwa folda? Nikamwambia kijana aulize modeli ya kampuni nyingine. Akanakili jibu lote, akalibandika, akaandika chini yake: je, mpango huu ni mzuri? Ikausifu. Ikaongeza ushauri mdogo juu ya nakala za jioni.

"Yaya, hata hii ingine inakubali."

"Hujaiuliza bado, mdogo wangu. Umeionyesha jibu, nayo imeitikia."

Nikafungua ukurasa mpya wa mazungumzo kwenye modeli hiyohiyo ya pili. Sikutaja SQLite wala mpango wetu. Nilieleza hali ya depo tu: kompyuta tatu zilizounganishwa kwa kebo na swichi moja, watu watatu wanaoandika kwa wakati mmoja, umeme unaokatika bila taarifa, intaneti ya kununua mega, hakuna fundi anayelala pale. Majina ya wateja na madeni yao niliyaacha. Hayo si ya kumwagia mashine ya watu. Mwisho nikauliza: mipango gani ingevunjika kwanza hapa, na kwa sababu gani?

Ikapendekeza PostgreSQL, hifadhidata inayofanya kazi kama seva, kwenye kompyuta ya ofisi, iwe na onduleri ya kushikilia umeme ukikatika, na hizo nyingine ziongee nayo kupitia mtandao. Katika mipango itakayovunjika, wa kwanza ulikuwa wetu: faili la SQLite kwenye folda ya mtandao, na WAL juu yake. Sababu yake ilikuwa fupi. WAL inadai programu zote zinazogusa faili zigawane kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta tatu hazina kumbukumbu ya pamoja.

Kijana akataka tutafute modeli ya tatu iamue. Nilikataa. Modeli hizi zimelishwa maandishi yanayofanana kwa sehemu kubwa. Kura za wanafunzi wa mwalimu mmoja hazinisaidii kitu. Nilichokipata kwenye ule mgongano ni mahali pa kuchimba. Tukafungua nyaraka za SQLite zenyewe, na kwenye ukurasa wa WAL imeandikwa bila kuzungusha kwamba haifanyi kazi kwenye faili lililo kwenye folda ya mtandao, na kwamba programu zote lazima ziwe kwenye kompyuta moja. Tukajaribu kwa data ya kubuni. Kijana akauza mifuko 200 kwenye kompyuta ya dola. Ya ghala ikaendelea kuonyesha akiba ya zamani, kimya, bila kosa lolote kwenye skrini. Mlinzi angepakia simenti ambayo haipo.

Kilichonifikirisha zaidi kilikuja baadaye. Nilirudi kwa modeli ya kwanza, ukurasa mpya, nikabandika maelezo yaleyale. Nayo ikaonya juu ya folda ya mtandao! Basi ilikuwa inajua. Yale mazungumzo yetu marefu yalijaa depo la kompyuta moja, na kila jibu lilijengwa juu ya lililotangulia. Siku hizi, kabla sijaenda kwa modeli nyingine, kwanza naanza upya na hiihii.

Suala la fedha nalo nililipeleka kwa zote mbili, kila moja peke yake, na zilikubaliana kabisa. Hifadhi kiasi kwa namba kamili za senti, maana ukitumia desimali za kompyuta, 0.1 na 0.2 zinakupa 0.30000000000000004. Kila ankara iwe na sarafu yake na kiwango cha siku cha kubadilishia fedha. Vizuri. Nikamwonyesha Mama Patroni, akaangalia skrini huku miwani iko kwenye paji la uso.

"Papa, mtu ananiletea dola hamsini, noti moja imepasuka, ninaikataa. Analipa sehemu kwa dola, ingine kwa faranga, ingine kwa simu, na chenji anataka faranga. Huyo utamwandika kwenye sarafu gani?"

Hakuna modeli iliyouliza hilo, wala mimi sikuwa nimeziambia. Jioni ile tukalivunja jedwali la ankara. Malipo yakapata jedwali lake, kila malipo na sarafu yake na kiwango chake, chenji ikaandikwa kama malipo yanayotoka, na Mama Patroni akakaa pembeni ya kijana akimtajia wateja wasumbufu mmoja baada ya mwingine ili tuone kama wataingia.