Fundi mmoja huko Kihonda

Nimemdanganya mtoto niliyemfundisha mwenyewe, kisa bolti. Ilikuwa Jumapili, leo Alhamisi, na bado inanikereketa.

Wiki hii yalikuwepo mambo ya kuandikwa kweli: shemeji kaolewa, mkaguzi kaingia shuleni bila taarifa na kukuta maazimio yangu ya kazi yako sawa (hata mimi nilishangaa), na Neema kang'oka jino la kwanza. Lakini nikilala sisikii ngoma za harusi. Nasikia, "Mwalimu, nani alifunga hii bolti?"

Ajuza mnamjua, ile pikipiki Honda CG125 ya marehemu mzee. Mwezi uliopita niliwasimulia nilivyopanga tapeti mwenyewe, yaani ile nafasi ndogo ya valvu, na Mama Neema alivyoikuta fila geji, kibati cha kupimia nafasi hiyo, ndani ya bakuli la mboga. Basi Jumapili ilikuwa zamu ya oili. Kazi ya dakika 20 hiyo: unaiwasha ipate joto kidogo, beseni chini, spana namba 17, unafungua bolti ya chini, unamwaga, unafunga, unajaza karibu lita moja. Nilishafanya mara tatu bila tatizo. Safari hii nimefunga, nikaona tone. Nikafuta. Tone jingine. Mwenye akili angejua ni washa, ile pete ya shaba ya kwenye bolti, niliyokuwa nairudisha kila mara mpaka imelala bapa. Mimi nikakaza. Tone likarudi. Nikazunguka nyuma ya banda la kuku, nikaokota kipande cha bomba, nikakivisha kwenye mpini wa spana.

Na mimi ndiye ninayefundisha mashine rahisi. Nyenzo, roda, kabari, skrubu. Nachora ubaoni egemeo, mzigo na jitihada, nawaambia watoto mkono wa nyenzo ukirefuka jitihada inapungua. Spana yangu ina sentimita 20. Nilipoivisha bomba ikafika 60. Mkono ni uleule, bolti inapokea mara tatu. Bolti yenyewe chuma, mahali inapoingia alumini. Ikakaza, ikakaza, halafu ikalegea mkononi taratibu, kama lile jino la Neema.

Nilimsukuma Ajuza mpaka kwa fundi karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, nikipishana na watu wanatoka kanisani, kila mmoja ananipa pole. Fundi ni kijana niliyemfundisha, alimaliza darasa la saba miaka mingi iliyopita. Kaniamkia, nikaitikia marahaba. Akatandika boksi, akalala chali, akawasha tochi ya simu. Bolti aliitoa kwa vidole viwili tu. Ikatoka na uzi wa alumini umejiviringa juu yake kama springi.

"Mwalimu, nani alifunga hii bolti?"

"Fundi mmoja huko Kihonda."

Sikufikiri hata kidogo. Lilitoka lenyewe, limeshaiva. Kihonda sina fundi. Kihonda nina binamu, na binamu mwenyewe hana hata baiskeli.

"Huyo alivisha bomba kwenye spana," akasema, akinionyesha pembe za kichwa cha bolti zilivyolika. "Ana nguvu za bure."

"Eeh," nikajibu. "Vijana wa siku hizi."

Vijana wa siku hizi! Mimi, miaka 46, nimesimama pale na bomba langu nyumbani nyuma ya banda la kuku. Tangu siku hiyo nimeshajibu upya swali lile mara mia. Nikiwa napiga mswaki najibu, "Mimi, mwanangu, nilizidisha." Nikiwa nasahihisha madaftari najibu kwa mzaha, "Mwalimu wako wa sayansi." Yote mazuri, yote yamechelewa.

Akachukua tepu, chuma cha kuchongea nyuzi za tundu, ya saizi inayofuata, akajaza grisi kwenye mifereji yake ili vumbi la alumini ling'ang'anie humo lisipande kwenye injini. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Anaitoa, anafuta, anapaka grisi nyingine, anarudisha. Akamimina oili kidogo kwa juu ioshe mabaki yatoke kwa chini. Bolti mpya, washa mpya. Mwisho akaikaza, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze: aliishika spana karibu kabisa na kichwa, kwa vidole vitatu. Akaacha. Hakuna tone.

Tukajaza oili, akapiga kiki. Ajuza akaitika. Kijana akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye hedi, kichwa cha injini, mpini sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarabu. Nikajua sasa naumbuka mara ya pili.

"Tapeti nazo kapanga nani?"

Ningefanyaje? "Huyohuyo wa Kihonda."

Akasikiliza tena. "Hizi wengine wanazibana mno, wengine wanaziacha zinagonga. Huyu kazipatia. Mwambie."

Jamani. Niliondoka pale sijui kama nicheke au nilie. Kwa sababu tapeti zile ni zangu! Nilikaa nazo Jumamosi nzima, injini imepoa, alama ya T, ya pistoni kuwa juu kabisa, nimeipanga mahali pake, fila ya milimita 0.08 inapita kwa kukwaruza kidogo, wembamba wa karatasi. Nilifunga nati nikafungua, nikafunga nikafungua, maana ukikaza nati skrubu nayo inazunguka na nafasi inapotea. Mzee hakuwahi kuzigusa maisha yake yote. Na aliyezisifu si mtu wa kubahatisha: pikipiki nyingi za Kichina zilizopanga foleni pale stendi zinatumia injini iliyonakiliwa kutoka hii CG, zile fimbo mbili za kusukuma valvu ni zilezile. Anazifungua kila siku. Akisema zimepatiwa, zimepatiwa.

Nimepata sifa yangu ya kwanza ya ufundi, na nimempa binamu asiye na baiskeli.

Nilipomsimulia Mama Neema alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba Neema, umeenda na kucha hizo, unasema fundi wa Kihonda? Kijana kajua tangu unafika." Nikaangalia kucha. Nyeusi mpaka kwenye nyama. Sasa lile "mwambie" nalirudiarudia nisikie limekaaje. Alitabasamu? Nakumbuka alikuwa anafuta bisibisi na kitambaa, uso chini. Halafu shilingi 15,000 alizotaja akapokea 12,000, bila mimi kuomba.

Jana nilipita pale kwa makusudi. Alikuwa na wateja. Nikapiga honi, akanyoosha mkono, sikusimama. Ajuza ananguruma vizuri, kwa kweli.

Mama yangu huko kijijini Matombo hajabipu tangu Jumatatu. Kawaida hapitishi jioni mbili. Nikipiga haipatikani. Jirani yake ananiambia umeme ulikatika, simu itakuwa imeisha chaji. Huenda. Ila jirani huyohuyo ana sola, na mama siku zote huchajia kwake.