Kuta za Chokaa, Misheni ya Bagamoyo

Mgeni akifika misheni ya Bagamoyo huulizia mnara wa Livingstone. Jina hilo huniudhi kidogo. Mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa pale Februari 1874, ukavushwa kwenda Unguja. Lakini mnara ni wa kanisa la 1872, lililojengwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu miaka 4 tu baada ya kufungua misheni. Kanisa kubwa la jirani ni la 1910 hadi 1914.

Cha kutazama ni ukuta wenyewe. Pwani yetu ilijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo: magogo yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, yanachomwa mpaka yawe meupe na mepesi, kisha yanamwagiwa maji yamumunyuke. Sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni, maana chumvi yake haiishi kutoka.

Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za pwani ni vyembamba. Kanisani watu wote wanapaswa kuiona altare, kwa hiyo fundi analazimika kuingia kwenye nguzo, matao na kenchi za mbao.

Kinachoziua kuta hizi siku hizi ni saruji, tena kwa nia njema. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukilipiga saruji, maji yanakosa njia, yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na baada ya masika machache lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Rangi ya mafuta inafanya vilevile, polepole zaidi.

Dawa yake haina haraka. Kwangua kiungo cha chokaa kilichooza kati ya mawe kwa kina kama mara 2 ya upana wake, loanisha, shindilia chokaa kwa tabaka nyembamba, kisha funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku kadhaa. Jua la Bagamoyo likiikausha chokaa kabla haijashika, inageuka unga, na fundi atasingizia chokaa ni mbovu. Kabla ya yote hayo, tengeneza mifereji ya paa.