Ujiji, mahali niliporudishiwa mzigo

Nilipanda treni Tabora nikiwa na begi dogo na Biblia ambayo kwa wiki tatu sikuwa nimeifungua ila kuandaa mahubiri. Miaka kumi na moja ni mwinjilisti. Kanisani waliniona bado nawaka, lakini mwenyewe nilijua nimepoa. Mikutano ya injili ilikuwa imegeuka kukodi vyombo, kufuatilia kibali na kuhesabu mikono iliyonyooshwa ili ripoti ipendeze. Katika wote wale walionyoosha mkono, sikulijua jina la hata mmoja, na jambo hilo lilikuwa linaniuma. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba Neema, toka kidogo. Nenda ukamlilie Mungu."

Urambo tulifika usiku. Mama mmoja alikimbilia dirishani na asali kwenye chupa za maji, nikanunua moja. Hapo Urambo, katika nchi ya Mtemi Mirambo, Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza, alifungua kituo mwaka 1879, akatibu watu na kulihubiri Neno. Mwaka 1882 akafa kwa jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Wamoravian waliipokea kazi ile mwaka 1898, na ndiyo iliyomfikia babu yangu. Nilikaa na ile chupa mapajani, usingizi haukuja. Mimi ni tunda la kazi ambayo aliyeianza hakuishi kuiona ikikomaa.

Uvinza kulikucha. Baadaye Kigoma, kisha daladala hadi Ujiji.

Pale kwenye makumbusho kuna sanamu za mmisionari Livingstone na mwandishi Stanley wakisalimiana kama walivyokutana mwaka 1871, na miembe inayosemwa kuwa chipukizi la ule wa zamani walipokutania chini yake. Nilizitazama, nikatoka. Waliobaki moyoni mwangu ni Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa mzigo begani, na wengi wa wabebaji hao hakuna anayewataja. Njia hii yote ilikuwa ya wapagazi. Injili nayo ilifika huku kwa miguu, mtu kwa mtu, kijiji kwa kijiji, wala haikuwa na spika.

Jioni nilishuka mwalo wa Kibirizi, wanapotua wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani, harufu yake imeshika kila kitu. Wavuvi walikuwa wakijiandaa kuingia ziwani, maana mwezi haukuwepo, na dagaa hufuata taa usiku wa giza. Kijana mmoja alikuwa anashona wavu, kidole gumba kimepasuka kwa uzi. Akaiona Biblia.

"Shikamoo mzee. Wewe ni mchungaji?"

"Marahaba. Ni mwinjilisti."

"Basi kaa hapa. Nina swali."

Kaka yake alizama masika yaliyopita. Mtumbwi ulipigwa na upepo. Alitaka kujua kama Mungu humsikia mtu anayeita akiwa majini. Nikamfungulia Mathayo 14, Petro anapoanza kuzama na kulia, "Bwana, niokoe." Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Petro alishikwa mkono. Kaka yangu je?"

Hubiri langu la Petro nimelitoa mara nyingi na watu wakaitika amina. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa sababu sikuwahi kukaa karibu na mtu kiasi cha kuulizwa. Machozi yalinitoka. Nikamwambia sina jibu la kwa nini, ila ninamjua Yesu aliyelia kaburini kwa Lazaro, na huyo ndiye niliyekuja naye. Tukaomba pale pale, mkono wake wenye nyuzi ndani ya wangu. Nikamwuliza jina lake na la kaka yake, nikayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia.

Usiku taa zilijaa ziwani kama mji. Nililia, nikaomba kwa jina, kitu nilichokuwa nimekiacha miaka mingi. Ee Bwana, usininyang'anye tena mzigo huu!

Nilikuwa nirudi Tabora kwa treni ya kwanza. Nikaghairi. Alfajiri mitumbwi iliporudi yule kijana alinikuta mchangani. Akanirushia upande mmoja wa wavu, tukaanza kuvuta.