Leza ya bei rahisi inafanya kazi, ila usikiamini kidoti cha kwanza

Kila niliyemuuliza kuhusu leza ya bei rahisi ya kuwekea sawa darubini ya bunduki, yaani kitaa kinachopiga kidoti chekundu kule mtutu unakotazama, alikuwa na jibu moja kati ya mawili. Muuzaji wa duka la silaha aliniambia ni kichezeo, nisitupe hela, nifunge darubini kisha nikafyatue yadi 100 mpaka risasi zianze kuingia. Jamaa mwingine, mwindaji wa miaka mingi, akasema ukiwa nayo huna haja ya kufyatua hata risasi moja: weka msalaba wa darubini (ile mistari miwili inayokatana ndani yake) kwenye kidoti chekundu, ingia porini. Wote wawili wamepotosha watu wengi. Huyu wa pili ndiye ananikera zaidi, maana gharama ya ushauri wake inalipwa na mnyama anayekimbia na jeraha akafie vichakani.

Naishi Erie, Pennsylvania, na huku msimu wa kulungu kwa bunduki unafunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving (mwishoni mwa Novemba). Bunduki yangu ni Marlin 336 ya mtumba, ile ya wenzo (mkono wa chini unaousukuma mbele na kuurudisha ili kupakia), inayotumia risasi ya .30-30. Hiyo ni risasi ya tangu 1895 na bado inatosha kabisa kwa misitu ya huku, ambako kulungu unampiga akiwa karibu. Juu yake nilifunga darubini mpya. Sasa, wenye raifo za bolti wana njia ya bure: unachomoa bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, unachungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma mpaka uone shabaha, halafu unarekebisha darubini ione palepale. Bunduki ya wenzo nyuma imeziba. Huwezi kuchungulia chochote. Ndiyo maana nilinunua leza, dola ishirini na kitu hivi pamoja na betri zake.

Ziko za aina mbili. Moja inachomekwa mdomoni mwa mtutu, na hiyo sikuitaka, kwa sababu mtu akiisahau akafyatua, mtutu unaweza kupasuka usoni pake. Nyingine ina umbo la risasi yenyewe na inakaa ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ikiwa mle ndani, risasi halisi haina pa kuingia. Hilo peke yake lilitosha kuniamulia.

Mwenzangu mmoja, Mkongomani, anakaa nje ya mji kwenye shamba lenye tuta refu la udongo. Msimu uliopita alifuata ule ushauri wa duka akamaliza boksi zima la risasi yadi 100 bila karatasi kupata hata tundu. Boksi la risasi ishirini za kuwindia siku hizi linaweza kufika dola thelathini au zaidi. Aliposikia nina leza akaniambia, "Ndugu yangu, njoo huku kwangu, tuione hiyo taa yako."

Tulifika jua bado liko juu, na kidoti hakikuonekana kabisa. Leza nyekundu ya namna hii ni dhaifu, na mchana kweupe inamezwa na mwanga hata kwa yadi 25. Mwenzangu akaanza kusema yule muuzaji alikuwa na haki. Nikamwambia tusubiri magharibi. Wakati tunasubiri nikachukua kizibao changu cha kazini, kile cha ghalani chenye mikanda ya kung'aa, nikakata mkanda nikaubandika kwenye karatasi yenye miraba ya inchi moja moja, iliyosimama yadi 25. Giza lilipoanza kuingia kidoti kikawaka juu ya ule mkanda, kikali, unakiona vizuri hata kwenye darubini. Kizibao kingine nilipewa kazini.

Sasa ndipo penye siri yenyewe. Leza za bei hii, taa yake haikukaa katikati ya ganda. Imeinama kidogo. Ukiiweka chemba na kukiamini kidoti, unaamini mwinamo wa kiwandani. Nilichofanya ni kuchora alama ndogo ya rangi ya kucha pembeni mwa kitako cha leza. Nikailaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, msalaba wa darubini ukiwa kwenye alama moja ya karatasi. Nikaingiza leza, rangi ikiwa juu. Nikasoma kidoti kiko mraba gani, nikaandika kwenye daftari. Nikafungua wenzo polepole, kidole kikiwa kimezuia tundu la pembeni la kutolea maganda (ukivuta kwa pupa leza inarushwa nje ikapotelea kwenye majani), nikaizungusha robo, rangi ikawa kulia. Nikafunga, nikahakikisha msalaba haujahama kwenye alama yake, nikasoma tena. Halafu rangi chini. Halafu kushoto.

Kidoti kilikuwa kinatembea duara, kama gurudumu la baiskeli lililopinda ringi. Zile nukta nne nilipoziunganisha kwenye daftari, ya juu kwa ya chini, ya kulia kwa ya kushoto, mistari ikakatana. Pale ilipokatana ndipo mtutu unapotazama kweli. Duara lile lilikuwa na upana wa kama inchi tano. Maana yake kidoti chochote kimoja kiko nje ya kweli kwa inchi mbili na nusu, na kosa hilo ukilipeleka yadi 100 linakuwa inchi kumi. Kifua cha kulungu, pale penye moyo na mapafu, ni duara la inchi nane hivi. Mwenzangu aliangalia lile daftari akanyamaza, kisha akaniomba nimrudishie kuanzia mwanzo.

Nikazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba ukakaa juu ya ile katikati, bunduki yenyewe ikiwa imetulia. Hapa wengi hupotea: mishale kwenye vifundo inaonyesha risasi itakakohamia, lakini msalaba ukiutazama unaenda upande wa pili. Angalia msalaba, sahau mshale. Na kama darubini yako ni ya robo dakika kama nyingi zilivyo (dakika hapa ni kipimo cha pembe, na kila kliki ya kifundo ni robo yake), kliki nne ni inchi moja kwa yadi 100, lakini kwa yadi 25 inchi hiyo hiyo inadai kliki kumi na sita, kwa hiyo usishangae unazungusha sana.

Kwa nini yadi 25? Darubini iko juu ya mtutu kama inchi moja na nusu, kwa hiyo mstari wa macho yako na mstari wa mtutu lazima ikutane mahali. Ikikutana kwa yadi 25, mstari wa mtutu unaendelea kupanda, na kwa yadi 100 uko inchi nne na nusu juu ya mstari wa macho yako. Lakini mwanga wa leza hauna uzito na risasi inao. Ile .30-30 ya greni 150 (huo ndio uzito wake) inakuwa imeshuka inchi tatu na nusu hivi kufika hapo. Kinachobaki ni inchi moja juu, ambayo kwa msitu wa huku ndiyo naitaka. Risasi yenye kasi zaidi, kama .308, itabaki juu kama inchi mbili kwa mpangilio huohuo.

Kesho yake nikaenda renji ya umma, uwanja wa kupigia shabaha, na huku leseni yako ya uwindaji inakuruhusu kuitumia. Leza ilikuwa mfukoni, si kwenye chemba. Nilianza yadi 25 na risasi halisi, ikaingia inchi moja kutoka katikati. Nikarekebisha, nikahamia yadi 100, na zote zikapata karatasi, zimekaa pamoja, ila kushoto kidogo na juu kidogo. Kliki chache, mtutu nikauacha upoe, nikamalizia. Boksi lilibaki zaidi ya nusu. Mzee wa meza ya pili alikuwa bado anatafuta karatasi yake, nikamsogelea baada ya kufyatua kusimamishwa, nikampa shikamoo ya huku, yaani kahawa, na kumwonyesha daftari.

Mwenzangu aliiomba leza kwa ajili ya bunduki yake, lakini yake ni .308 na ganda langu haliingii mle. Kama una bunduki za aina mbalimbali, nunua inayoendana na kila moja, au chukua ile ya mdomoni na uifunge utepe mrefu mwekundu unaoning'inia ili isisahaulike. Risasi zibaki garini unapofanya haya. Taa hiyo usimmulike mtu wala mbwa machoni, hata kwa mzaha. Na ukimaliza fungua kizibo utoe betri, maana hizi ndogo za saa zinaisha upesi.