Jinsi Nilivyozima Mfumo Ambao Hakuna Aliyethubutu Kuugusa

Kabla sijaanza kazi ya uhandisi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia, kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: andika msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) mwingi, andika haraka, kazi yako itajisemea yenyewe. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Kazi ninayojivunia kuliko zote nilizofanya ilikuwa ya kuondoa msimbo, na haikujisemea hata neno moja. Niliisemea mimi.

Anayetoka kampuni ndogo hudhani tofauti ni wingi wa seva. Tofauti niliyoikuta ni kwamba hakuna mtu hata mmoja anayeujua mfumo wote. Mwaka 2015 hazina ya msimbo ya Google peke yake ilikuwa na mistari ipatayo bilioni 2. Kichwa gani kitabeba hayo? Kwa hiyo muda mwingi unasoma msimbo wa watu waliokwishahama, unaandika hati za mapendekezo, unakagua kazi za wenzako na kusubiri wakague yako. Wiki ambayo nusu yake nimeandika msimbo mpya, kwangu ni wiki nzuri sana.

Timu yangu ilirithi huduma kongwe iliyotunza mipangilio ya watumiaji. Mbadala wake ulishajengwa na unafanya kazi vizuri, lakini ile ya zamani ilikuwa bado hai. Haikuwa ikianguka, ila uhai wake tuliulipia kwa usingizi: diski zikikaribia kujaa, simu ya aliye zamu inalia usiku wa manane. Fedha zilizoliwa na seva zake kwa mwaka zingelipa mishahara ya watu kadhaa. Na kila niliyemuuliza kwa nini haizimwi alijibu: usiiguse, hujui nani anaitegemea.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Tarehe 28 Februari 2017, mhandisi wa Amazon aliingiza amri akakosea sehemu moja, zikaondolewa seva nyingi kuliko zilizokusudiwa, na S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data inayotumiwa na tovuti na programu nyingi, ikalala kwa saa kadhaa. Hata dashibodi ya kuwaeleza wateja hali ya huduma haikuweza kusasishwa, kwa sababu nayo iliitegemea S3. Wenzangu walilitaja tukio hilo kama sababu ya kukaa mbali. Mimi nililisoma kinyume. Hatari ni kutojua nani anamtegemea nani, na huwezi kulijua hilo kwa kukaa kimya.

Nilianza kwa njia inayoshauriwa na kila mtu: kutangaza. Barua pepe kwa timu zote, tarehe ya mwisho kwa herufi nzito, mwongozo wa kuhama, kisha kumbusho, kisha kumbusho la kumbusho. Kimya. Timu chache zilijibu kwamba wataliweka kwenye mpango wa robo ya mwaka inayofuata. Robo hiyo ilipofika, wakasema inayofuata. Nikageukia logi, yaani rekodi za maombi ambayo programu nyingine huituma huduma yetu, ili niwajue wahusika kwa majina, nako nikagonga ukuta. Maombi mengi yalipitia lango moja la pamoja, kwa hiyo yote yalifika yakiwa na jina la lango hilo. Tarehe ya mwisho ikapita na hakuna aliyehama. Tangazo halimhamishi mtu ambaye mambo yake hayajaharibika.

Hapo ndipo nikapiga hesabu iliyobadilisha kila kitu. Huduma yetu iliahidi kupatikana kwa asilimia 99.9. Kwa mwezi wa siku 30, ahadi hiyo inaruhusu takriban dakika 43 za kutopatikana. Dakika hizo tulikuwa nazo kila mwezi na hatukuzitumia hata kidogo. Nikamwendea meneja wangu nikamwambia: nipe dakika hizi, niizime kwa makusudi, kidogo kidogo, nione nani atapiga kelele.

Alishtuka, nilitarajia hivyo. Nikamweleza habari ya Chubby, huduma ya kufuli ya Google, inayozuia programu mbili kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa imara mno hadi timu nyingine zikajenga mifumo yao juu yake kana kwamba haiwezi kuanguka. Wahandisi wake wakaamua kwamba robo ya mwaka ikipita bila hitilafu ya kutosha, wataiangusha wenyewe kwa muda uliopangwa. Meneja alinyamaza kidogo, akaniuliza nitaanza na dakika ngapi. Tano, nikamwambia. Katikati ya wiki, mchana, watu wakiwa mezani pao. Kamwe usifanye jambo la namna hii Ijumaa, na hakikisha mkono wako uko kwenye swichi ya kuirudisha.

Lakini ufundi wenyewe haukuwa katika kuzima. Ulikuwa katika ujumbe wa hitilafu. Mifumo mingi ikikataa ombi hurudisha namba tu na maneno makavu. Mimi niliandika sentensi kamili: huduma hii inafungwa, hamia huduma fulani, mwongozo uko hapa, ukikwama niandikie mimi, na jina langu. Nilijua mhandisi yeyote akiona hitilafu asiyoifahamu atainakili na kuitafuta. Safari hii hakuwa na haja ya kutafuta.

Kabla dakika tano hazijaisha, timu zilizokaa kimya miezi yote zilikuwa zinaniandikia! Wengine kwa hasira, wengine kwa mshangao kwamba programu yao ilikuwa ikitumia huduma hiyo. Niliwajibu wote kwa upole na nikajitolea kuwaandikia mabadiliko ya msimbo mimi mwenyewe. Wao wakague tu. Hilo la mwisho nalisisitiza. Ukimletea mtu kazi iliyokwisha, anaikubali siku hiyohiyo.

Nilirudia kila mwezi, nikirefusha kipindi. Kulikuwa na timu iliyogoma kuhama kwa sababu huduma mpya ilirudisha majibu kwa mpangilio tofauti. Mpangilio huo hatukuuahidi popote. Mhandisi Hyrum Wright ana kanuni inayojulikana kwa jina lake: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoonekana itapata mtu wa kuitegemea, hata kama hukuiahidi. Tukawapangia majibu upande wao, wakahama.

Kisha watu wakaanza kunihimiza nifute kila kitu, maana maombi yalishafika sifuri. Nilikataa. Nilisema robo ya mwaka igeuke kwanza. Walioniona mwoga walinyamaza usiku wa mwisho wa robo, pale programu ya ripoti za hesabu, inayoamka mara nne tu kwa mwaka, ilipobisha hodi na kupokea ujumbe wangu. Ningefuta mapema, idara ya fedha ingekwama siku yake mbaya kuliko zote.

Kuhusu kupanda daraja: jopo linaloamua halikujui wewe na halitafungua msimbo wako, linasoma hati. Tangu mwanzo nilihifadhi grafu za kengele za usiku na gharama za seva, na kila timu iliyohama niliiomba sentensi mbili za ushuhuda papo hapo, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Ukingoja msimu wa tathmini, hakuna anayekumbuka ulimsaidia nini. Jopo lilinipandisha, na kwenye maelezo yao walitaja dakika zile 43.

Sasa nimekabidhiwa huduma nyingine, kongwe kuliko ile, na safari hii nimeandika ujumbe wa hitilafu kabla ya barua pepe yoyote.