Sporti ya kwendea kazini kila siku

Aisee mimi niliitaka pikipiki ya Yamaha R15 kinoma, cc 155 tu lakini ikisimama unaona kabisa hii ni ya mbio. Sasa mimi kila siku natoka Mbezi mwisho naenda Kariakoo, na Morogoro Road asubuhi mnaijua, Kimara mpaka Ubungo ni klachi, gia moja, klachi, gia mbili, basi. Nikaazima pikipiki ya kulala kama hiyo, yaani unaiendesha umeinama mbele, ya mshikaji wangu wiki nzima, ule usukani wa chini uzito wote unakuja kwenye viganja, nikifika Magomeni vinawaka moto, na ukitaka kupenya kati ya daladala mbili usukani haukati vya kutosha unabaki umekwama hapo katikati unapigiwa honi.

Ndo nikageukia sporti za kukaa wima, Apache RTR 160 na Pulsar 150. Zinapozwa na upepo, hamna rejeta ya kuhangaika nayo, na tangi la Pulsar linameza lita 15 so sheli huendi kila siku. Mwisho nikabeba Apache, ile nguvu ya kuchomoka taa zikiruhusu naipenda sana jamani.

Kabla hujalipa hela, ipande, zima injini, isukume kwa miguu kurudi nyuma kwenye kimlima kidogo, ukiona unachechemea achana nayo. Halafu pita kwa wauza spea uliza cheni seti (cheni na meno yake) na pedi za breki za mbele, wakikuambia subiri ziagizwe, tafuta nyingine.